Mtaa Hupimwa kwa Siku Yake Mbaya

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728, kwa hiyo katika muda wa miaka kumi jiji liliongezeka, kwa kuzaliwa na kwa kuhamia, watu zaidi ya milioni moja. Sehemu kubwa ya watu hao hawakupata nafasi Kariakoo, Ilala wala Magomeni, bali walikwenda kutafuta vyumba na viwanja pembezoni: Bunju, Mabwepande na Wazo kwa upande wa Kinondoni, Mbagala, Chamazi na Toangoma kwa upande wa Temeke, pamoja na Goba, Kibamba, Kibada na Somangila, ambazo zamani zilihesabiwa ndani ya wilaya hizo mbili kabla Ubungo na Kigamboni hazijamegwa na kuwa manispaa zinazojitegemea. Kila aliyehamia huko alilazimika kuamua iwapo mtaa asioufahamu unafaa kuishi, na wengi waliamua kwa ziara ya asubuhi moja ya kiangazi, wakiongozwa na dalali ambaye malipo yake, kwa desturi ya jiji hili kodi ya mwezi mmoja, hupatikana pale tu mteja anapokubali.

Katika ziara ya namna hiyo nyumba huonekana vizuri, ilhali mtaa wenyewe haujaonekana, kwa sababu mambo yanayomfanya mpangaji ajute hutokea usiku wa masika, alfajiri ya Jumatatu, wiki ambayo bomba halitoi maji, au siku ambayo maofisa wa barabara wanafika na kopo la rangi nyekundu kuweka alama ya kubomoa. Makala haya yanashikilia kwamba mtaa hupimwa kwa siku yake mbaya, na kwamba dalili za siku hiyo zinaweza kusomwa hata siku njema, mradi mtazamaji ajue pa kuangalia na nani wa kumuuliza.

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni cha zamani na hakina msaada mkubwa. Utawala wa Kijerumani, na baada yake wa Kiingereza, uliugawa mji katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, kila sehemu ikiwa na kanuni zake za ujenzi na kiwango chake cha huduma, na ingawa mgawanyo huo wa kisheria ulikwisha, lugha ya jiji imeuhifadhi, kwani hadi leo mtaa huitwa wa kishua au wa uswahilini, na jina hilo peke yake hupandisha au kushusha kodi. Lakini ziko sehemu za Msasani, Mikocheni na Mbezi Beach, zenye kuta ndefu na majenereta, ambazo hujaa maji kila masika kwa kuwa zimekaa juu ya ardhi tambarare ya majimaji, na iko mitaa mingi ya uswahilini, iliyo juu ya miinuko, ambako mkazi anafika sokoni, zahanati na kituo cha daladala kwa miguu na jirani hukesha na mgonjwa asiye wake. Anayechagua kwa jina la mtaa hulipia sifa, na sifa haizuii maji kuingia sebuleni.

Maji ya mvua ndiyo ya kwanza kuchunguzwa, na yanastahili muda mrefu kuliko jambo jingine lolote. Dar es Salaam hupata masika kati ya Machi na Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba, na ardhi yake imekatwa na mabonde mengi: Mto Msimbazi, unaoanzia vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda; mito ya Kizinga na Mzinga upande wa Temeke; na mito ya Mbezi na Tegeta upande wa Kinondoni, mbali na vijito visivyo na majina ambavyo kiangazi hugeuka njia za miguu na viwanja vya mpira. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na familia nyingi zilizokuwa zikiishi katika bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, kilomita zipatazo 30 kutoka katikati ya jiji, ambako zilipewa viwanja lakini zikawa mbali na kazi zao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari, na kwa sheria hiyo nyumba za mabondeni zimewekewa alama ya X na nyingine zikabomolewa, kama ilivyotokea Desemba 2015 katika bonde hilohilo la Msimbazi.

Mita 60, hata hivyo, ni kipimo cha sheria, na maji hayakisomi. Anayekagua nyumba anapaswa kuziangalia kuta za nje kuanzia chini kwenda juu. Ukuta wa pwani huwa na unyevu unaopanda kutoka ardhini, ambao hubabua plasta na kuacha chumvi nyeupe, na mpaka wake wa juu huwa wa mawimbi, hapa umepanda na pale umeshuka. Maji ya mafuriko, kwa kuwa yalituama, huacha mstari wa kahawia ulio sawasawa kabisa, na mstari huo unaweza kufuatwa kutoka nyumba moja hadi ya pili na ya tatu kana kwamba fundi alivuta kamba. Rangi mpya huuficha kwa msimu mmoja au miwili, lakini ni nadra majirani wote kupaka rangi mwaka mmoja, na nguzo ya umeme au ukuta wa choo cha uani mara nyingi husahauliwa. Dalili nyingine ziko mlangoni: kizingiti cha saruji kilichoinuliwa hadi kimo cha goti, tundu lililotobolewa chini ya ukuta wa ua ili maji yatoke, viroba vya mchanga vilivyopangwa pembeni vikingoja, soketi za umeme zilizopandishwa juu kuliko kawaida, na kitanda cha mpangaji wa sasa kilichoketi juu ya matofali mawili mawili. Hakuna anayefanya kazi hizo kwa mapambo.

Lipo pia tatizo la barabara yenyewe kuwa chanzo cha mafuriko. Mitaa mingi ya pembezoni hutengenezwa kwa kumwaga kifusi juu ya kifusi, na hata barabara ya lami inapokuja, usawa wake huwa juu ya nyumba zilizotangulia, hivyo nyumba iliyojengwa miaka 20 iliyopita juu ya ngazi mbili sasa inaingiwa kwa kushuka, na mvua ya saa moja tu inatosha kuigeuza bwawa hata kama mto uko mbali. Mtaro uliojengwa kando ya barabara huonekana kuwa jibu, ila unapaswa kufuatwa kwa miguu hadi unakoishia, kwa sababu mitaro mingine huishia katikati ya mtaa wa watu wengine, na mingine imejaa chupa za plastiki na mchanga kiasi kwamba haipitishi kitu. Kwa nyumba zilizo karibu na mto, swali lenye manufaa zaidi kwa mwenyeji ni umbali wa ukingo miaka 10 iliyopita, kwa kuwa uchimbaji wa mchanga katika mito ya Tegeta, Mbezi na Mzinga umefanya kingo zimegeke mwaka hadi mwaka, na shamba la mihogo lililokuwa kati ya nyumba na mto linaweza kuwa limekwisha kuliwa lote.

Maji ya kutumia ni suala jingine, na pembezoni ni kawaida mtaa mmoja kuteseka kwa maji mengi Aprili na kwa ukosefu wa maji Novemba. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dar es Salaam, yaani DAWASA, hutegemea zaidi Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na mto unapopungua jiji huingia katika mgao, kama lilivyoingia mwishoni mwa mwaka 2022. Kwa sababu hiyo kuwa na bomba na kuwa na maji ni mambo mawili, na mkaguzi makini hatazami bomba bali vyombo: mtaa ambao kila nyumba ina tangi kubwa la plastiki juu ya mnara, na ambao mikokoteni ya madumu hupita tangu alfajiri, unajieleza wenyewe. Kwingineko hutegemewa visima vilivyochimbwa na watu binafsi, na katika maeneo mengi ya pwani maji yake ni ya chumvi, ambayo hayatoi povu la sabuni, huacha ukoko mweupe ndani ya birika, na hulazimisha familia kununua maji mengine ya kunywa na kupikia. Gharama hii haimo katika kodi aliyotajiwa mpangaji. Ikiwa dumu la lita 20 linauzwa shilingi 200, na familia inatumia madumu manane kwa siku, fedha inayotoka ni shilingi 48,000 kwa mwezi, kiasi ambacho katika mitaa mingi ya pembezoni kinatosha kupanga chumba cha ziada.

Umeme una hesabu yake isiyojulikana sana. Nyumba nyingi za kupanga ni za muundo unaoitwa nyumba ya Kiswahili, yenye korido katikati, vyumba vitatu kila upande na uani nyuma penye jiko, choo na bafu la pamoja, na nyumba nzima huwa na mita moja ya LUKU, yaani mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia. Shirika la umeme, TANESCO, huweka wateja wadogo wanaotumia wastani wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi katika kundi la D1, ambao hununua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi, na wanaozidi kiwango hicho huhamishiwa kundi la T1 ambalo bei yake ni karibu mara tatu. Ni vigumu wapangaji sita wanaotumia mita moja kubaki chini ya uniti 75, hata kama kila mmoja anatumia kidogo, na wakizidi kila mmoja analipa bei ya mtumiaji mkubwa. Juu ya hayo, tangu mwaka 2021 kodi ya jengo, ambayo kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, hukatwa kupitia LUKU, na anayenunua umeme ndiye anayekatwa, ingawa jengo si lake. Ugomvi wa wapangaji kuhusu zamu ya kununua umeme, friji ya fulani na pasi ya fulani umevunja ujirani mwingi kuliko siasa, na mtu anayehamia afadhali aulize habari za mita kabla hajauliza habari za vigae.

Choo hakipendezi kuzungumzwa katika makala ya watu wote, lakini ndicho kinachoamua afya ya mtaa. Sehemu kubwa ya jiji haina mtandao wa mabomba ya majitaka, na nyumba hutumia vyoo vya shimo au mashimo yanayopaswa kunyonywa na gari maalumu. Pale ambapo vichochoro ni vyembamba na gari halifiki, au mwenye nyumba hataki kulipa, wapo wanaongoja mvua kubwa na kufungulia shimo ili mafuriko yachukue kilichomo, tendo linalojulikana mitaani kama kutapisha choo. Mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa Agosti 2015, ambao wagonjwa wake wa kwanza walitoka Kinondoni, ulienea katika mazingira ya namna hiyo, ambako kisima kifupi na shimo la choo vimetenganishwa na hatua chache za uani. Mkaguzi aangalie kwa hiyo upana wa njia: gari la majitaka likiweza kuingia, gari la zimamoto na la wagonjwa nayo yataweza.

Baada ya maji huja muda. Barabara kuu zinazoingia mjini ni chache, nazo ni Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa, ambazo zote hukutana katikati ya jiji, huku barabara za kuziunganisha pembeni, mfano ile ya Mbezi Mwisho hadi Tangi Bovu kupitia Goba, zikiwa chache. Matokeo yake ni kwamba umbali wa kilomita hauelezi lolote la maana, na mtaa ulio kilomita 12 kutoka mjini lakini kilomita tatu ndani ya barabara mbovu unaweza kuwa mbali kuliko mtaa wa kilomita 20 ulio kando ya barabara kuu. Njia ya mabasi yaendayo haraka, ambayo watu huiita mwendokasi, ilianza kutoa huduma Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na awamu ya pili ikajengwa katika Barabara ya Kilwa hadi Mbagala. Treni ya abiria ya jijini, iliyoanza Oktoba 2012 na ambayo wananchi waliibatiza Treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, iliwafaa wakazi wa kandokando ya reli. Na Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, liliifungulia Kigamboni njia mwaka 2016, ingawa tozo yake ni gharama ambayo wakazi wa Kibada na Mji Mwema huihesabu ndani ya nauli.

Kinachofundisha zaidi ni kituo chenyewe kati ya saa 11 alfajiri na saa 1 asubuhi siku ya kazi. Ikiwa abiria wanapanda dirishani, au wengi wao wanapanda gari linalokwenda upande wa mwisho wa njia ili wabaki vitini linapogeuka, mtindo uitwao kugeuza na gari, basi mkazi mpya atalipa nauli mara mbili au atasimama saa moja na nusu kila siku. Jioni pia ina lake, kwa kuwa baadhi ya daladala hukatisha ruti, yaani huwashusha abiria kabla ya kituo cha mwisho kilichoandikwa ubavuni mwa gari, na abiria wa mwisho wa njia ndio wanaoumia. Kutoka kituoni hadi nyumbani hubaki bodaboda au bajaji, na kwa mfanyakazi anayetoka na kurudi siku 26 kwa mwezi, shilingi 1,000 tu kwa kila safari ni shilingi 52,000, ambazo zingetosha kuongeza kodi ya chumba kilicho karibu na lami. Watu wengi hukimbilia kodi ndogo ya ndani na kuirudisha yote kwa bodaboda. Hesabu hii ndogo ifanywe kwa kalamu.

Swali la sheria kwa kawaida huachiwa wanunuzi wa viwanja, jambo ambalo si sahihi, maana mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima hupoteza pamoja na mwenye nyumba. Makazi mengi ya Dar es Salaam yalijengwa katika ardhi isiyopimwa, inayoitwa skwata mitaani, ambako mauziano hushuhudiwa na ofisi ya serikali ya mtaa na mnunuzi hubaki na karatasi ya makubaliano tu. Daraja lililo juu yake ni leseni ya makazi, kibali cha muda kinachomtambua mkazi wa eneo lisilopimwa, na la juu kabisa ni hati ya kumiliki ardhi inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kwa kiwanja kilichopimwa na kuingizwa katika ramani ya mipangomiji. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima maeneo kama Bunju, Mbweni, Toangoma, Kibada na Gezaulole, na tofauti yake na majirani zao inaonekana kwa macho, kwa kuwa barabara zimenyooka na zimeachiwa nafasi.

Hata hivyo karatasi haitoshi, na mwaka 2017 uliwafundisha hivyo wakazi wa Kimara hadi Kiluvya, ambako nyumba, maduka, vituo vya mafuta na nyumba za ibada zilizohesabiwa kuwa ndani ya mita 121.5 za hifadhi ya Barabara ya Morogoro zilibomolewa kupisha upanuzi. Hifadhi ya barabara ni ukanda wa ardhi uliotengwa pande zote mbili za barabara kwa matumizi yake ya baadaye, na kwa kuwa unaweza kukaa miongo mingi bila kuguswa, watu huuona kama ardhi ya kawaida. Mawe ya mipaka na vibao vyake hutafutwa majanini. Kigamboni ilikuwa na mkasa wa aina nyingine, pale mpango wa mji mpya ulipotangazwa mwaka 2008 na wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, wakabaki kwa miaka wakisubiri fidia ya mradi ambao haukujengwa kama ulivyotangazwa. Kwa hiyo haitoshi kuuliza mtaa ukoje leo. Lazima kuuliza umepangiwa nini.

Majirani wasio watu nao wahesabiwe. Aprili 2009 maghala ya silaha ya jeshi yalilipuka Mbagala, na Februari 2011 yakalipuka ya Gongo la Mboto, na katika kila tukio watu zaidi ya 20 walikufa na nyumba nyingi zikaharibika, ingawa makazi mengi yaliyozunguka kambi hizo yalikuja baada ya kambi, watu wakisogea kidogo kidogo. Dampo la jiji lina historia inayosomesha zaidi: wakazi wa Tabata walishinda kesi Mahakama Kuu mwaka 1988 dhidi ya halmashauri iliyokuwa ikitupa taka mtaani kwao, jiji likahamia Kunduchi Mtongani, na huko nako wakazi wakashinda mwaka 1991, kisha taka zikaenda Vingunguti, zikaja Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Vituo vingi katika safari hiyo vilikuwa pembezoni wakati dampo linafika na vikawa katikati ya makazi lilipoondoka, na kwa mtazamo wa makala haya mtu anayenunua kiwanja cha bei poa kando ya shimo la taka au machimbo ya kokoto anaweka dau kwamba jiji litamhamisha jirani huyo upesi.

Usalama wa usiku hauulizwi vizuri kwa swali la moja kwa moja, kwa kuwa kila mwenyeji atasema mtaa wake ni shwari. Makundi ya vijana yaliyoitwa Panya Road, yaliyotikisa jiji mwanzoni mwa mwaka 2015 na tena mwaka 2022, yalipita katika mitaa iliyokuwa na sifa njema. Njia iliyo bora ni kwenda kijiwe cha bodaboda na kuuliza nauli ya kufika nyumba hiyo saa 5 usiku: dereva akitaja bei ileile ya mchana, njia ni salama, akiizidisha mara mbili, ana sababu, na akisema hafiki, hakuna uchunguzi mwingine unaohitajika. Ulinzi shirikishi, utaratibu wa wakazi kuchangia walinzi wa usiku, nao hupimwa kwa stakabadhi, kwa kuwa mtaa unaochanga na kuandika unajulikana, na mtaa unaochanga bila kuandika unajulikana vilevile.

Kelele zinahitaji Jumamosi moja usiku. Shule zinahitaji dakika chache tu, kwani tangu elimu bila ada hadi kidato cha nne ilipoanza mwaka 2016 shule nyingi za serikali za pembezoni zimelemewa, nyingine zikifundisha kwa zamu ya asubuhi na ya mchana, na mzazi anapaswa kujua mtoto wake ataingia zamu gani na atavuka barabara ipi. Kwa matibabu, hospitali za rufaa za Mwananyamala, Temeke na Amana ziko ndani zaidi, hivyo swali la pembezoni ni umbali wa kituo cha afya kinachozalisha wajawazito usiku.

Hubaki swali la nani wa kuulizwa. Dalali anafahamu mengi ila ana maslahi. Mwenye nyumba vilevile. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, anayechaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano, na afisa mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri, wanafahamu migogoro ya ardhi, mipaka ya hifadhi na nyumba zilizowekewa alama, na kwa kuwa mpangaji mpya hutarajiwa kujitambulisha kwao, ni busara kujitambulisha kabla ya kulipa kuliko baada. Mjumbe, au balozi wa nyumba kumi, ambaye ni kiongozi wa shina la chama tawala, anajua nani anagombana na nani. Mwenye duka la rejareja, ambaye jiji zima humwita Mangi hata kama hakuzaliwa Kilimanjaro, ana daftari la madeni na kwa hiyo anajua tabia za kila nyumba. Lakini shahidi mkubwa kuliko wote ni mpangaji anayehama, hasa akipatikana mwenye nyumba akiwa hayupo, kwa sababu hana cha kupoteza wala cha kuuza.

Utafiti huo wote unafanywa na mtu mmoja mmoja, kwa nauli yake, na kila mmoja anaanza upya, ilhali sehemu kubwa ya majibu ipo tayari. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 ukiwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe, ulichora barabara, mitaro na maeneo yanayofurika katika kata nyingi za jiji na kuziweka ramani hizo wazi kwa umma. Halmashauri zina ramani za mipangomiji, na wakala wa barabara ana vipimo vya hifadhi zake. Halmashauri za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, pamoja na Halmashauri ya Jiji, zibandike ramani hizo katika ubao wa matangazo wa kila ofisi ya serikali ya mtaa, zikionyesha maji yalipofika, mpaka wa hifadhi ulipo na mradi upi umepangwa, ili anayekuja kuomba barua ya utambulisho asome kabla hajalipa kodi ya miezi sita.